Uchambuzi: Mikono michache, nepi nyingi

Mwezi Februari mwaka 2025 halmashauri ya Blaenau Gwent, katika mabonde ya kusini mwa Wales, iliwaarifu wazazi kwamba walimu hawatawabadilisha tena nepi wanafunzi wasio na tatizo la kiafya linalotambuliwa. Mtoto akijichafua, mzazi ataitwa shuleni aje kumsafisha mwenyewe.

Jimbo la Utah nchini Marekani lilikwisha kwenda mbali zaidi mwaka 2024. Lilipitisha sheria inayotaka mtoto anayeandikishwa darasa la awali katika shule ya umma awe amezoea choo, isipokuwa yule ambaye ulemavu unamzuia.

Mwaka huo huo wa 2024 shirika la hisani la Kindred Squared la Uingereza lilichapisha uchunguzi uliowahoji walimu wa darasa la mwanzo kabisa la shule ya msingi, ambalo mtoto huliingia akiwa na miaka minne. Walimu hao walikadiria kwamba mtoto mmoja kati ya wanne alifika shuleni akiwa bado hajaweza kutumia choo.

Kwa msomaji aliye Mombasa, Bukoba au Bujumbura, habari hizi zaweza kuonekana kama kichekesho. Mtoto wa miaka minne na nepi? Bibi yeyote wa pwani angeuliza mara moja: "Mama yake alikuwa wapi?"

Swali la bibi ni zito kuliko linavyosikika. Mama alikuwa kazini. Mtoto alikuwa katika kituo cha kulelea watoto, yeye na wenzake kadhaa, chini ya uangalizi wa mwanamke mmoja au wawili wenye ujira mdogo. Na hali hiyo si ya Wales na Utah peke yake. Imekwisha kufika Nairobi, Dar es Salaam na Kampala, tena katika mazingira magumu zaidi, ambako kosa katika kubadilisha nepi laweza kumgharimu mtoto uhai wake.

Wadigo na Wamarekani

Mwaka 1977 jarida la kitabibu la Marekani liitwalo Pediatrics lilichapisha makala ya watafiti Marten deVries na Rachel deVries kuhusu Wadigo, mojawapo ya jamii tisa za Mijikenda, ambao makazi yao yanaanzia kusini mwa Mombasa hadi upande wa Tanga.

Watafiti hao walieleza kwamba Wadigo huanza kumzoesha mtoto haja akiwa na wiki chache tu tangu azaliwe. Mama huketi chini, miguu ameinyoosha mbele, na mtoto huwekwa katikati ya miguu hiyo akiegemea mwili wa mama. Mama hutoa sauti ndogo ya kumbembeleza akojoe. Mtoto akikojoa, hupata tuzo yake: hupakatwa, hunyonyeshwa, huchezeshwa. Kwa haja kubwa mkao hubadilika; mtoto hukalishwa juu ya miguu ya mama, nyuso zao zikitazamana. Kufikia miezi mitano au sita, kwa mujibu wa makala hiyo, mtoto alikuwa haloi mchana wala usiku.

Makala hiyo iliwashangaza wengi huko Marekani, kwa sababu ilipingana na mafundisho yaliyokuwa yamekubalika. Mwaka 1962, katika jarida hilo hilo, daktari wa watoto T. Berry Brazelton alikuwa ameeleza uzoefu wake na watoto 1,170 wa Massachusetts. Aliwashauri wazazi wasiharakishe. Wasubiri hadi mtoto aonyeshe dalili za kuwa tayari, kiasi cha miezi 18, kisha wamwongoze polepole bila kumlazimisha. Watoto wake walizoea choo wakati wa mchana wakiwa na wastani wa miezi 28 hivi.

Ushauri wa Brazelton ulikuwa na sababu ya kiutu. Kizazi kilichomtangulia kilikuwa kimewachapa na kuwaaibisha watoto kwa ajili ya choo, naye alitaka ukatili huo ukome. Lakini ushauri huo ulikutana na biashara. Mwaka mmoja kabla ya makala yake, yaani 1961, kampuni ya Procter & Gamble ilikuwa imeanza kuuza nepi za kutupa za Pampers. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Brazelton mwenyewe alionekana katika tangazo la nepi za ukubwa mpya, za watoto wakubwa zaidi. Mwanzoni mwa karne hii tafiti za Marekani zilionyesha kwamba umri wa kuzoea choo ulikuwa umesogea hadi kiasi cha miaka mitatu.

Ni rahisi kusoma habari hizi na kuhitimisha kwamba Mdigo alikuwa sahihi na Mmarekani amepotea. Hitimisho hilo lina haraka. Njia ya Wadigo inategemea mambo ambayo hayapatikani kila mahali: mama, bibi au dada mkubwa aliye na mtoto mmoja mwilini kutwa nzima, anayejua kila dalili ya uso wake, uwanja wa udongo, hali ya hewa ya joto, na mtoto aliyevaa nguo chache. Mwanamke yule anamsoma mtoto mmoja. Mpe watoto kumi wa rika hilo, umfungie nao chumbani, na maarifa yake yote hayatamsaidia kujua ni nani kati yao anayetaka kujisaidia sasa.

Nepi, kwa maana hiyo, imeziba pengo la mikono. Pale mikono ilipoondoka nyumbani kwenda kiwandani, ofisini au sokoni, kitambaa na baadaye plastiki vilichukua nafasi yake. Kilichobaki kujibiwa ni kazi inayofuata ifanywe na nani, na kwa maji gani.

Njia ya kinyesi

Wengi Afrika Mashariki wamelelewa wakiamini kwamba kinyesi cha mtoto mchanga hakina madhara, kwa kuwa mtoto anakula maziwa tu. Imani hiyo si kweli, na ina hatari. Kinyesi cha mtoto hubeba virusi vya rota, bakteria wa shigela wanaosababisha kuhara damu, vimelea vya giardia na virusi vya homa ya ini aina ya A. Kwa shigela, bakteria wasiozidi mia moja wanatosha kumwambukiza mtu. Idadi hiyo haionekani kwa macho, na inaenea chini ya ukucha mmoja.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba kuhara huua zaidi ya watoto 400,000 walio chini ya miaka mitano kila mwaka duniani. Chanjo ya virusi vya rota imepunguza msiba huo. Rwanda iliianzisha mwaka 2012, Tanzania ikafuata mwanzoni mwa 2013 na Kenya mwaka 2014. Lakini chanjo hiyo haizuii shigela wala giardia.

Mahali watoto wenye nepi wanapokusanyika ni njia panda ya maradhi haya. Mwaka 1980 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa homa ya ini aina ya A katika kaunti ya Maricopa, jimbo la Arizona. Waligundua kwamba ugonjwa ulienea zaidi kupitia vituo vilivyopokea watoto wa chini ya miaka miwili, yaani wenye nepi. Watoto wenyewe mara nyingi hawakuonyesha dalili yoyote. Walioanguka wagonjwa walikuwa wazazi na walezi wao. Mtoto mwenye afya njema machoni aliupeleka ugonjwa nyumbani kila jioni, na hakuna aliyejua.

Dawa ya jambo hili ilijulikana mapema. Mwaka 1981 mtafiti Robert Black na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio katika vituo vinne vya vitongoji vya Atlanta. Katika vituo viwili walezi na watoto walifuata utaratibu mkali wa kunawa mikono. Katika viwili vingine waliendelea na mazoea yao. Kuhara katika vituo vya kundi la kwanza kulishuka hadi karibu nusu ya kule kwa kundi la pili, na hali ikabaki hivyo kwa miezi kadhaa ya jaribio.

Jaribio hilo halikuhitaji mashine wala dawa ya gharama. Lilihitaji sabuni, maji yanayotiririka, na mtu mwenye nafasi ya kunawa.

Hesabu ya muda

Hapo kwenye nafasi ndipo kanuni nyingi zinapokwama. Utaratibu unaofundishwa katika nchi tajiri unajulikana vizuri. Mlezi huandaa kila kitu kabla ya kumlaza mtoto, ili asilazimike kumwacha juu ya meza au kufungua kabati kwa mikono michafu. Humfungua, humfuta au kumtawaza kutoka mbele kwenda nyuma, hasa mtoto wa kike, ili uchafu usiingie kwenye njia ya mkojo. Nepi chafu hufungwa na kutupwa katika pipa lenye mfuniko. Nguo zilizochafuka hutiwa mfukoni na kurudishwa nyumbani bila kufuliwa kituoni, kwa sababu kuzisuuza hurusha vijidudu kwenye beseni na kuta. Glavu huvuliwa. Nepi safi hufungwa.

Kisha huja hatua inayosahaulika kuliko zote: mtoto naye hunawishwa mikono, maana aliitia humo humo alipokuwa amelala. Halafu mahali pa kubadilishia husafishwa na kutiwa dawa ya kuua vijidudu. Mwisho mlezi hunawa mikono kwa sabuni, hata kama alivaa glavu, kwa kuwa glavu hutoboka na kuchafua mikono zinapovuliwa. Dawa ya mikono ya alkoholi haitoshi hapa. Haivimalizi vijidudu kadhaa vya tumbo, vikiwemo virusi vya noro.

Ukifanywa kwa ukamilifu, utaratibu huo huchukua yapata dakika tano. Nchini England sheria inataka mlezi mmoja asiwe na zaidi ya watoto watatu wa chini ya miaka miwili. Tuseme kila mmoja abadilishwe mara nne kwa siku. Mlezi atatumia saa moja. Ni kazi, lakini inawezekana.

Chukua sasa mfano wa mwanamke mmoja anayelea watoto 15 katika chumba kimoja cha kukodi, na kumi kati yao hawajazoea choo. Akiwabadilisha mara nne nne, atahitaji kurudia utaratibu huo mara 40. Hizo ni saa tatu na dakika ishirini, na wakati wote huo watoto 14 wengine hawana mtu wa kuwaangalia. Akitumia lita moja tu ya maji kila mara, kwa mikono yake na ya mtoto, atamaliza madumu mawili ya lita 20 kabla hajapika uji.

Mwanamke huyo hahitaji kuwa mzembe ili kituo chake kiwe na kuhara. Inatosha awe peke yake. Atafanya kile ambacho mtu yeyote angefanya: atawabadilisha mara mbili badala ya nne, atafuta mikono kwenye kanga, na ataendelea.

Sheria za England

Mtu angetarajia kwamba nchi tajiri zimelitatua jambo hili. Kwa kiasi fulani zimefanya hivyo. Kanuni za malezi ya awali za England zinavitaka vituo viwe na mahali safi pa kubadilishia nepi, vyoo na mabeseni ya kunawia ya kutosha, na nguo za akiba. Mtoto aliyehara hutakiwa kubaki nyumbani hadi saa 48 zipite tangu dalili zikome. Tangu Septemba 2025 kanuni hizo zinataka pia faragha ya mtoto izingatiwe anapobadilishwa, bila kusahau ulinzi wake: asianikwe mbele ya kila mpita njia, wala asifichwe na mtu mzima mmoja mahali wasipoonekana.

Hata hivyo, mwelekeo wa siasa umekuwa wa kuongeza watoto haraka kuliko mikono. Mwaka 2023 serikali ya wakati huo iliruhusu mlezi mmoja wa watoto wa miaka miwili awe na watoto watano badala ya wanne. Kwa watoto wa umri huo, ambao ndio hasa wanaofundishwa choo, hilo ni badiliko kubwa. Tangu Septemba 2025 wazazi wanaofanya kazi wanaweza kupata saa 30 za malezi kwa wiki, katika majuma ya muhula, zikigharimiwa na serikali kuanzia mtoto anapotimiza miezi tisa. Ni msaada mkubwa kwa kina mama. Maana yake pia ni kwamba watoto wengi zaidi wenye nepi wanatumia sehemu kubwa zaidi ya siku vituoni.

Familia nyingi za Waafrika Mashariki walioko huko zinaiona sera hii kutoka pande mbili. Wapo wanawake wao wanaofanya kazi katika vituo hivyo na kubadilisha nepi za watoto wa wengine. Na zipo familia ambazo viza za wazazi wote wawili zinawazuia kupata fedha za umma, ambazo kwa kawaida hazistahili kupata saa hizo za wazazi wanaofanya kazi. Huko mtoto hulelewa kwa zamu: baba anarudi kutoka kazi ya usiku, mama anatoka. Mafunzo ya choo yanafanywa na mzazi anayesinzia.

Kwa hiyo halmashauri inapoamua kumwita mzazi shuleni, haijaiondoa kazi. Imeihamisha tu. Mwalimu ana haki ya kulalamika kwamba akitoka darasani kumsafisha mtoto mmoja, wengine 29 wanabaki bila somo. Lakini mzazi anayelipwa kwa saa anapoitwa, anapoteza ujira, na pengine kazi. Na mtoto hukaa na uchafu mwilini hadi mzazi afike. Ngozi yake huchubuka, na wenzake hujua.

Ipo pia hatari ya kuwachanganya watoto wasiofundishwa na wale wenye maradhi. Kufunga choo kwa muda mrefu, ulemavu wa uti wa mgongo na usonji vyote vyaweza kuchelewesha uwezo huu. Sheria ya Usawa ya Uingereza ya mwaka 2010 inakataza mtoto mlemavu kubaguliwa kwa sababu hiyo. Lakini kabla ya kulindwa na sheria, mtoto anahitaji kutambuliwa, na wengi hufika shuleni kabla daktari hajawapa jina la tatizo lao.

Vyumba vya Nairobi

Katika mitaa ya Nairobi kama Mukuru, Kibera na Korogocho, vituo vya watoto huendeshwa zaidi na wanawake majumbani mwao. Kituo cha Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya Barani Afrika, APHRC, chenye makao yake jijini humo, kimevichunguza kwa miaka kadhaa. Picha inayojitokeza ni ya vyumba finyu, maji ya kununua, vyoo vya kushirikiana na majirani, na walezi wanaolipwa kwa siku na wazazi ambao nao hulipwa kwa siku. Mzazi asipopata kibarua, mlezi hapati malipo.

Kaunti ya Nairobi ilitunga sheria ya vituo vya kulelea watoto mwaka 2017. Tanzania ilizindua Desemba 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, na ina kanuni zake za usajili wa vituo vya kulelea watoto wadogo mchana. Nyaraka hizi zina nia njema. Shida huanza ofisa anapofika mlangoni. Akikuta hakuna choo cha watoto wala maji ya bomba, ana njia mbili: kufunga kituo, au kufumba macho. Akifunga, watoto hawarudi kwa mama zao, kwa kuwa mama wako kazini. Wanahamia chumba kingine ambacho ofisa hajakijua, au wanaachwa na dada yao wa miaka minane ambaye alipaswa kuwa shuleni.

Zipo njia za kati. Shirika la Kidogo, lililoanzia Kenya, limechagua kuwafunza wanawake hao na kuwaunganisha badala ya kuwafukuza. Tanzania, kampeni za afya zimeeneza kibuyu chirizi: dumu dogo lililotobolewa na kutundikwa kwenye kijiti, linaloinamishwa kwa kamba ya mguu ili mtu anawe bila kulishika. Kifaa hicho hutumia maji machache sana, na kwa mlezi mwenye mikono michafu kina faida nyingine: hakuna bomba la kuchafua.

Suala la poti linaonyesha vizuri kwa nini kanuni za nchi moja hazifai kunakiliwa kama zilivyo. Miongozo ya kitaifa ya Marekani haipendelei poti katika vituo, kwa sababu ni vigumu kuzisafisha na watoto huzichezea. Hushauri vyoo vidogo vya watoto vyenye maji. Lakini pale ambapo choo pekee ni cha shimo, chenye tundu linaloweza kummeza mtoto wa miaka miwili, poti ndiyo salama yake. Cha muhimu ni jinsi inavyotumika: imwagwe chooni mara moja, isimwagwe mtaroni, ioshwe mbali na beseni la vyombo, itiwe dawa na kukaushwa juani, na kila mtoto anawe akimaliza.

Hata hivyo, vifaa peke yake havitoshi. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa lililofanywa magharibi mwa Kenya, katika kaunti za Kakamega, Bungoma na Vihiga, likihusisha zaidi ya wanawake 8,000 waliokuwa wajawazito. Kaya zilipewa, kwa makundi tofauti, dawa ya maji, vyoo bora, poti za watoto, vijiko vya kuzolea kinyesi na vituo vya kunawia mikono. Kuhara kwa watoto hakukupungua. Jaribio kama hilo nchini Bangladesh, ambako wahamasishaji walizitembelea kaya mara nyingi zaidi, lilileta nafuu.

Wapo waliosoma matokeo hayo na kusema usafi hauna faida. Wataalamu wengi walihitimisha kinyume chake: kwamba poti na kijiko haviwezi kushinda uwanja mzima uliochafuka, na kwamba tabia mpya haidumu bila mtu wa kuifuatilia na maji ya kutosha karibu. Kwa vituo vya watoto fundisho ni hilo hilo. Bango la "Nawa mikono" ukutani ni rahisi kulibandika. Dumu la maji kila asubuhi lina mlipaji.

Nepi moja moja

Katika maduka ya mitaa hiyo nepi huuzwa moja moja, kama sigara na vijiko vya mafuta ya kupikia. Uchumi huu wa kadogo unamwezesha mama mwenye shilingi chache kumpeleka mwanawe kituoni akiwa msafi. Unamaanisha pia kwamba mtoto hufika na nepi moja, na mlezi huirefusha hadi jioni. Vipele vya makalio havimaanishi mama hajui usafi. Mara nyingi ni alama ya bei.

Kenya ililiona jambo hili kwa ukali mwaka 2024. Muswada wa Fedha wa mwaka huo ulipendekeza ushuru wa mazingira ambao ungegusa nepi. Serikali ilikuwa na hoja: nepi za kutupa zina plastiki, hujaza madampo na kuziba mitaro. Lakini kwa wazazi vijana nepi ikawa miongoni mwa bidhaa zilizotajwa sana katika malalamiko dhidi ya muswada huo. Baada ya maandamano yaliyogharimu maisha ya watu, Rais William Ruto alikataa kuutia saini tarehe 26 Juni 2024.

Taka zilibaki pale pale. Nepi iliyotumika, ikitupwa mtaroni, hurudisha kinyesi kwa watoto wale wale waliovalishwa. Nepi za kitambaa, zilizokuwa kawaida ya vizazi vilivyopita, hazina taka nyingi, lakini zinahitaji maji, sabuni, kamba ya kuanikia na mtu wa kufua. Kwa kituo kinachonunua maji kwa dumu, kitambaa chaweza kuwa ghali kuliko plastiki. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1991 uliongeza jambo dogo lenye manufaa: nguo iliyovaliwa juu ya nepi hupunguza kinyesi kusambaa chumbani. Suruali fupi ya kawaida ni kinga ambayo karibu kila mzazi anaweza kuimudu.

Kipimo cha haki

Mjadala wa Ulaya na Marekani umechukua sura ya lawama: wazazi wa siku hizi hawajui kulea. Afrika Mashariki nayo ina lawama yake: walezi wa mitaani ni wachafu. Lawama zote mbili zina faida kwa mamlaka, kwa kuwa hazina gharama. Ukimlaumu mama wa Wales, hulazimiki kuajiri msaidizi wa darasa. Ukimlaumu mlezi wa Mukuru, hulazimiki kupeleka bomba.

Ofisa anayekagua kituo huuliza kama pana sabuni. Ni swali jema, lakini aanze na mengine matatu. Watoto wasiozoea choo ni wangapi kwa kila mlezi? Maji yanayofika hapa kwa siku ni madumu mangapi? Na nani anayalipia? Majibu ya maswali hayo yatamweleza, kabla hajafungua mlango wa choo, kama watoto wa kituo hicho watahara mwezi huo.

Bibi wa pwani aliyeuliza mama alikuwa wapi alimlea mjukuu mmoja kwa wakati mmoja, naye alikuwa na mabinti na majirani wa kumpokea mtoto alipochoka. Kazi yake ilikuwa na watu wa kuifanya. Watoto wa leo wamehamishiwa kwenye vyumba vya watu wengine, huku Wales, Utah na Nairobi zikibishana ni nani wa kuitwa nepi inapojaa. Mama wa Blaenau Gwent anaomba ruhusa kwa msimamizi wake ili akimbilie shuleni. Mlezi wa Mukuru anatazama maji yaliyobaki kwenye dumu na kuhesabu watoto waliobaki.